Toleo la Mikoani

Tangu nistaafu nikabaki kuishi Nangara, pembeni mwa mji wa Babati, moja kwa moja, watu wakisikia kwamba nilifanya kazi kwenye gazeti kubwa huniuliza habari za wakubwa. Je, nilimwona waziri fulani ana kwa ana? Yule aliyeanguka, ilikuwaje hasa? Huwa nawakatisha tamaa. Mawaziri niliowaona mimi walikuwa watu wa kuchelewa na kusoma hotuba walizoandikiwa, na muda wote huo nilikuwa nikiwaza kama nitawahi chakula kabla mgahawa wa ofisini haujafungwa. Sina siri za wakubwa. Ninachokikumbuka kuliko vyote ni siku ambayo gazeti letu liliniandika mimi mwenyewe, na mama yangu akaenda kunitafuta akiwa na hakika kwamba nimekufa.

Siandiki haya kumlaumu mtu. Siku ile kila mmoja alifanya kazi yake kama alivyofundishwa, kuanzia mhariri mpaka muuguzi, na bado nusura tumpoteze bibi wa watu.

Kwanza nieleze jinsi gazeti lilivyokuwa likitengenezwa. Kabla sijaomba kurudishwa Babati kuwa mwandishi wa mkoa, nilikaa miaka mingi kwenye dawati la habari Dar es Salaam. Kila siku tulikuwa na matoleo mawili. Toleo la mikoani lilifungwa mapema jioni, kwa sababu magari yalikuwa na safari ndefu na gazeti lilitakiwa kufika Arusha na Singida na kwingineko siku inayofuata. Toleo la jiji lilifungwa baadaye sana, likiwa limeshasahihishwa na kuongezewa yote yaliyotokea kati ya hapo. Maana yake ni kwamba jambo likitokea Babati alasiri, msomaji wa Kariakoo ndiye atakayelipata kamili. Msomaji wa Babati, ambaye pengine amelishuhudia kwa macho yake, ataletewa kipande cha mwanzo.

Nilipokuwa Dar jambo hilo halikuninyima usingizi. Nilipohamia huku ndipo nilipoanza kununa. Mzee mmoja pale stendi alikuwa akinunua gazeti letu kwa ajili ya mpira tu, na mara nyingi alikuta limeandika kwamba mpaka tunakwenda mitamboni timu zilikuwa bado hazijafungana. Alinishika shati siku moja akaniuliza kama waandishi wenzangu huwa wanaondoka uwanjani wakati wa mapumziko. Nilimweleza habari za matoleo, naye akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema kwamba basi angalau watupunguzie bei.

Jambo la pili ni vichwa vya habari. Wasomaji wengi hudhani mwandishi ndiye anayeandika kichwa cha habari yake. Hapana. Unatuma habari yako kutoka mkoani, na kichwa kinavishwa Dar na mtu ambaye huenda hajawahi kufika Babati maishani mwake. Mtu huyo ana nafasi ndogo na haraka nyingi, kwa hiyo ana maneno yake anayoyapenda. Wenzangu walilipenda sana neno "mahututi". Ni fupi kiasi, linaumiza, na linakaa vizuri kwenye safu. Nimewahi kumwona msanifu kurasa akimfanya mahututi mtu aliyevunjika mguu, kwa sababu maneno ya kueleza mguu wake hayakuenea. Nilibisha, tukagombana, gazeti likatoka hivyohivyo.

Sasa kuhusu ziwa. Anayeijua Babati anajua kwamba viboko wetu hawana mipaka. Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi, ziwa lilikuwa limepanda, na viboko walikuwa wakitoka kula mahindi ya watu waliolima karibu na maji. Watu walikuwa wamelalamika mpaka wamechoka. Dawati likanitaka niandike habari kubwa, yenye picha nzuri, na mimi kwa kiherehere changu nikaona picha nzuri haipatikani kutoka ufukoni. Nikamwomba mvuvi mmoja anipeleke kwa mtumbwi. Mwenzangu wa redio ya mjini alikuwa na akili kuliko mimi, akabaki nchi kavu na kinasa sauti chake.

Kilichotokea sikukiona vizuri. Nilikuwa nimeinua kamera, nikasikia mvuvi akivuta pumzi kwa nguvu, kisha mtumbwi ukainuka chini yangu na nikawa ndani ya maji. Ukingo wa mtumbwi ulinipiga mbavuni. Nilikunywa maji ya ziwa mengi na nikaona giza. Mvuvi ndiye aliyenikokota mpaka kwenye matete, kisha watu wakanibeba. Kamera ilizama. Simu nayo ilizama, na ndani yake namba za nusu ya nchi.

Mwenzangu wa redio alifanya jambo ambalo ningelifanya mimi. Aliwapigia simu wakubwa wangu Dar akawaambia alichokiona: kiboko kapindua mtumbwi, mwandishi wenu hajitambui, anakimbizwa hospitali. Wakubwa wangu walipiga simu yangu, ikawa haipatikani. Toleo la mikoani lilikuwa linafungwa. Wakaandika walichokuwa nacho, na wakakivisha kichwa walichokipenda.

Mimi nilizinduka jioni nikiwa kitandani, mbavu zinauma kila nikipumua, lakini ziko nzima. Niliazima simu ya muuguzi nikapiga dawatini. Namba ile siwezi kuisahau hata nikizikwa. Mhariri wa zamu aliposikia sauti yangu alishusha pumzi ndefu, kisha akasema kwa upole kwamba la mikoani limeshaondoka, ila la jiji watalibadilisha. Nilimwambia hakuna neno. Nilikuwa nimechoka, na kusema kweli nilifurahi kidogo kuwa ukurasa wa mbele. Asubuhi, jua likianza kuchomoza, daktari alinipima tena, akasema niende nyumbani nikapumzike. Nikachukua bodaboda mpaka Nangara, nikavua zile nguo zenye tope la ziwa, nikavaa gauni la kulalia, nikajitupa kitandani.

Usingizi ulikuwa ndio kwanza unanichukua niliposikia redio ya jirani yangu. Jirani huyu ni mwalimu mstaafu, na redio yake huifungulia mtaa mzima. Ulikuwa wakati wa magazeti. Redio yetu ya mjini haikusubiri gazeti lenyewe, ambalo hufika na basi mchana. Siku hizi toleo la mikoani likishafungwa tu, picha ya ukurasa wa mbele inatumwa kwenye simu za watangazaji wote wa mikoani, na asubuhi wanaisoma. Wanasoma vichwa tu, kwa sababu kurasa za ndani hawajaziona. Nikamsikia mtangazaji akilitaja gazeti letu, kisha akasoma: mwandishi wetu mahututi Babati, habari zaidi ukurasa wa tatu. Akaongeza kwa niaba yake mwenyewe kwamba tumwombee.

Nilianza kwa kukasirika. Nililala pale nikimtukana kimoyomoyo yule msanifu kurasa, kana kwamba ndiye aliyekuwa zamu, na sikujua hata kama bado anafanya kazi. Dar es Salaam nzima saa hiyo ilikuwa inasoma kwamba nimenusurika. Mji ninaoishi ndio uliokuwa ukiambiwa niko mahututi. Jirani alichungulia dirishani akicheka, kwa kuwa yeye alikuwa ameniona nikishuka kwenye pikipiki, akaniuliza kama mahututi wanakunywa chai au waletewe uji. Nikacheka naye, mbavu zikanikumbusha nisicheke.

Aliniletea chai, tukakaa tukizungumza karibu saa nzima, kisha nikamkumbuka mama, kicheko kikakatika.

Mama yangu anaishi milimani juu ya Dareda, kwenye shamba tulikozaliwa. Kusoma alijifunza kidogo katika madarasa ya jioni na hakuendelea, ila redio anayo, na kila asubuhi akishakamua ng'ombe husikiliza magazeti. Haelewi sana mambo ya vyama na bajeti. Anachosubiri ni gazeti langu litajwe. Likitajwa hutikisa kichwa kidogo kama mtu aliyeitwa jina lake, kisha anaendelea na kazi. Na mama yangu ana presha. Miezi michache kabla ya hapo alianguka shambani, daktari akatuita sisi watoto pembeni akatuambia dawa anameza vizuri, tatizo ni mshtuko. Mshtuko mkubwa mmoja unaweza kummaliza. Tulikuwa tunamficha hata ng'ombe akifa.

Ndiyo maana jana yake sikumtafuta. Niliona kama nimepona, ya nini kumpandisha presha.

Niliazima simu ya jirani nikampigia. Imezimwa. Mama huzima simu kutunza chaji, akaiwasha Jumapili baada ya ibada ili watoto wasalimie. Nikapiga kwa mwenye duka wa karibu na kwake, maana namba yake naijua kwa kichwa, ndiye tunayempitishia ujumbe. Nilimsalimia, nikauliza kama mama yupo. Alinijibu kwa sauti ya chini kwamba mama ameondoka na pikapu ya kabichi, mara tu baada ya magazeti, ameelekea mjini, kuna shida kidogo ya mwanawe. Akauliza nani mwenzake. Nikajitaja.

"Pole sana," akasema. "Wewe ni ndugu yake?"

Nilimwambia mimi ndiye mwenyewe. Akasema ndiyo, anaelewa, nijikaze, na kwamba wao watatangulia kuchimba kaburi sehemu ya juu, karibu na la baba, kama hatuna neno. Nilirudia kwamba mimi ni mzima. Akanijibu kwa huruma kubwa kwamba sisi sote tunaumia.

Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli, kwa sababu nilielewa mama alichokisikia redioni.

Kwetu hakuna anayeambiwa msiba wazi. Baba yangu alipofariki mimi nilikuwa dawatini Dar, na kaka yangu alinipigia akaniambia baba hajisikii vizuri, nitafute nafasi nije. Hajisikii vizuri. Nilielewa palepale, na mhariri wangu alielewa kwa kuniangalia tu. Ukiambiwa ni mgonjwa, jiulize. Ukiambiwa yuko hospitali, kaa chini. Ukiambiwa ana hali mbaya, basi watu wameshaanza kukusanyika nyumbani, wanachosubiri ni ufike salama ndipo wazee wakwambie, umekaa, watu wamekuzunguka. Nilifanya kazi maisha yangu yote mahali ambapo kifo kinawekwa kwenye sentensi ya kwanza, na kila nilipopanda basi kurudi nyumbani nilirudi mahali ambapo kifo kinasemwa mwisho kabisa. Sijawahi kuona upande mmoja una ustaarabu kuliko mwingine. Ila siku ile pande hizo mbili zilikutana kwenye redio ya mama yangu. Gazeti lilisema mahututi, likimaanisha mahututi, hata kama lilikosea. Mama akasikia gazeti la mwanawe likimwandaa taratibu.

Sikubadili nguo. Nilijifunga kanga juu ya gauni la kulalia, nikavaa kandambili, jirani akaniitia bodaboda. Yule kijana wa pikipiki alikuwa amesikiliza redio pia. Aliniangalia, akaniangalia tena, lakini alikuwa na adabu hakuuliza kitu. Barabara nzima ya kuelekea hospitali nilikuwa nimeshika mbavu kwa mkono mmoja na mkono mwingine bega lake, nikimwomba Mungu kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, kwa kuchanganya. Nilikuwa naogopa. Sikumbuki kuogopa hivyo hata ndani ya maji, kwa sababu majini sikupata muda.

Muuguzi aliyeniazima simu jana yake alikuwa anamalizia zamu. Alishangaa kuniona, akafurahi, akasema mama yangu ametoka pale sasa hivi.

"Nimemwambia umeruhusiwa, uko mzima, umeenda nyumbani," alisema. "Akanishukuru sana."

Nilimuuliza alishukuru vipi. Akasema kwa utulivu kabisa, mama mstaarabu yule, hakulia hata kidogo. Aliuliza tu nani aliyenipeleka nyumbani, naye muuguzi akamjibu kwamba niliondoka mwenyewe, kwa bodaboda.

Nikaona jinsi ilivyokuwa. Mtu aliyetangazwa mahututi na gazeti lake, kesho yake asubuhi amepanda pikipiki peke yake kwenda kwake. Muuguzi alisema kweli tupu, na kwa masikio ya mama yangu ule ulikuwa uongo wa huruma, tena uliotungwa vibaya. Aliambiwa aende nyumbani, na nyumbani ndiko wazee humkalisha mtu chini wakamwambia. Kila neno jema aliloambiwa lilizidi kunizika.

Nikauliza ameelekea wapi. Muuguzi alionyesha korido ya nyuma. Alisema mama aliulizia njia ya huko, na yeye alidhani anatafuta choo.

Kila mtu hapa mjini anajua kilichopo nyuma. Mochwari iko huko, jengo dogo lenye benchi nje, ambako watu husubiri kupewa mtu wao. Niliifuata ile korido nikitembea upesi kadiri mbavu zilivyoniruhusu. Kabla sijafika mlangoni nikasikia kilio cha wanawake. Nilisimama nikashika ukuta, nikasema basi, ameanguka. Nilikuwa na hakika. Nilijiona nikimpigia kaka yangu kumwambia mama hajisikii vizuri, aje.

Nilipotoka nje nikaona pikapu imeegeshwa kinyumenyume, na familia moja wanapakia jeneza la mtu wao. Wao ndio waliokuwa wakilia. Na kwenye benchi, chini ya ukuta, alikuwa amekaa mama yangu, kanga kichwani, chupa yake ya chai magotini. Alikuwa akimmiminia chai mzee mmoja wa ile familia, kwenye kifuniko, akimwambia anywe pole pole ni ya moto.

Aliinua macho akaniona. Hakusimama. Aliniangalia kuanzia kandambili mpaka nywele, ambazo zilikuwa bado na majani ya ziwa.

"Shikamoo mama," nikasema. Sijui kwa nini nilianza na salamu. Nilikuwa nalia.

"Marahaba," akasema. "Kaa, umechoka."

Nikakaa. Alinishika mkono akaubonyeza kama anavyobonyeza parachichi kuona kama limeiva, akaendelea kuushika. Mzee wa watu alimaliza chai, akashukuru, akaenda kupanda gari lao. Sisi tukabaki kwenye benchi. Nilianza kumweleza kwa haraka, habari za mtumbwi, habari za matoleo, kwamba gazeti lilikuwa sahihi kwa Dar ila si kwa huku. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akaniambia kwamba yeye alishajua niko hai kabla sijafika, kwa sababu alimuuliza yule mtu wa mochwari.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza kwa nini alimwamini huyo na asimwamini muuguzi.

"Wale wote ndani ni watu wazuri, wananionea huruma," akasema. "Huyu hana huruma ya kunipa. Anajibu aliye naye na asiye naye. Nikamtajia jina lako, akaangalia, akaniambia hayupo hapa. Akarudi kazini kwake."

Akaeleza kwamba aliposikia hivyo aliona akae kwanza pale, badala ya kuanza kunitafuta. Na alipokaa akaona wenzake wana msiba na hawana chai. Chupa alikuwa ameibeba kwa ajili ya watakaomsindikiza kunirudisha nyumbani, sasa safari hiyo haikuwepo tena, akaona agawe.

Nimefundisha waandishi wachanga wengi. Nimewaambia maneno mengi kuhusu chanzo cha habari, nani wa kumuuliza na nani anajipendekeza. Hakuna hata mmoja niliyemwambia kwa ufupi namna ile. Lakini sikuwaza hayo pale kwenye benchi. Pale nilikuwa navuta hewa tu, naitoa, na kila nikiitoa najisikia mwepesi. Mama yangu alikuwa hai. Mimi nilikuwa hai. Tulikuwa tumekaa nje ya mochwari na hatukuwa na mtu wetu ndani.

Muuguzi alitufuata, akasisitiza mama apimwe. Tulirudi naye hadi chumba chake, akamfunga kile kitambaa mkononi, akakijaza hewa, tukasubiri. Presha ilikuwa juu kidogo ya kawaida yake, si ya kutisha. Kwa kuwa nilikuwa karibu akanipima na mimi. Yangu ilikuwa mbaya kuliko ya mama. Mama alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema basi wampe mtoto kitanda.

Kesho yake gazeti liliomba radhi. Masahihisho huwa yanakaa ukurasa wa pili, chini pembeni, kwa herufi ambazo lazima uvae miwani. Redio haikuyasoma, maana redio husoma ukurasa wa mbele. Kwa wiki nzima nilikuwa nikikutana na watu sokoni wakashika kifua. Wengine walinikumbatia. Mmoja alinikimbia. Wa kule Dareda walikuja jioni ya siku ileile ya redio, wamebeba unga na maharage ya kuletea msiba, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kurudi na mzigo milimani, tulipika vyote, tukala tukicheka mpaka mbavu zangu zikanifanya niombe watu wanyamaze. Mwenye duka alikaa mbali kidogo na mimi. Niliacha kazi ile miaka michache baadaye, kwa hiari na kwa heri, na sijawahi kujuta wala kuikumbuka kwa uchungu. Mpira nausikiliza mpaka mwisho.

Lakini bado niko hospitali na mama, na nataka kumaliza hapo. Tulikuwa tunajiandaa kutoka. Muuguzi alikuwa ametuaga. Mama alisimama mlangoni akaniangalia lile gauni la kulalia na kanga yangu iliyolegea, akasema siwezi kupita mjini hivyo, watu watasema gazeti lilikuwa sahihi. Akainama, akavuta mfuko wa nailoni uliokuwa chini ya kiti, ambao sikuwa nimeuona. Ndani yake kulikuwa na gauni la kitenge, jipya, limekunjwa vizuri, bado lina harufu ya dukani.

Nilidhani amenunua njiani. Nikamuuliza limetoka wapi. Alisema alikuwa ameniwekea la Krismasi, fundi alilimaliza wiki iliyopita. Nikauliza tena, kwa ujinga tu, kwa nini amelibeba leo. Mama alilifungua, akalikung'uta, akalinyoosha mabega kwa viganja vyake.

Ndipo nikaelewa lilikuwa la nini. Asubuhi ile, baada ya magazeti, alifungua sanduku lake akatoa nguo nzuri kuliko zote alizokuwa nazo kwa ajili yangu, kwa sababu hakutaka nizikwe na nguo za hospitali.

Mama alikuwa ameshaniinua mikono kama mtoto, akanivisha juu ya gauni la kulalia, taratibu, akikwepa mbavu. Lilikuwa kubwa kidogo. Alinifunga vifungo vya mgongoni kimoja kimoja.

"Livae tu," akasema, akiwa bado nyuma yangu. "Krismasi nitakutafutia lingine."